Moyo Mtulivu, Mkono Salama



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tumekwisha kuzungumza juu ya kofia na viatu vya kazi, juu ya vumbi, maji safi, malaria na vidonda. Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho depo haina, wala hakuna karatasi ya kukiombea. Kitu hicho ni furaha ya kazi.

Najua mmoja atacheka na kusema: «Sisi tulikuja kutafuta mshahara, hatukuja kucheza.» Na mkubwa wa kazi labda atasema: «Kampani inauza kasiteriti, haiuzi furaha.» Kila mmoja ana sehemu ya haki. Lakini wote wawili wasome mpaka mwisho. Wataona kwamba furaha ya mfanyakazi inaingia katika hesabu za kampani kama mafuta ya mashine yanavyoingia, na kwamba ikikosekana, wa kwanza kulipa ni vidole vyetu, migongo yetu na watoto wetu.

FURAHA YA KAZI NI NINI?

Hatusemi juu ya ngoma, wala juu ya chupa za bia siku ya malipo. Bia inaisha usiku uleule, na asubuhi kichwa kinauma. Furaha ya kazi ni moyo mtulivu. Mtu anaamka saa kumi na moja, anashika njia ya kazi bila uzito ndani yake. Anajua kazi yake ina maana, anajua atarudi mzima, anajua jasho lake litalipwa.

Mama zetu wanajua kwamba chungu kinakaa juu ya mafiga matatu. Furaha ya kazi nayo ina mafiga yake matatu. La kwanza ni haki: mshahara unaolingana na kazi, unaofika siku yake. La pili ni heshima: mkubwa anamwita mtu kwa jina lake, wala hamtukani mbele ya wenzake. La tatu ni sauti: mfanyakazi akiona hatari anaweza kuisema bila kuogopa. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika, hata kama mawili yaliyobaki ni makubwa namna gani.

CHUI NDANI YA MWILI

Katika dispensari, nikimaliza kumfunga mtu kidonda, huwa ninamwuliza: «Baba, ulikuwa unawaza nini wakati ule?» Ni wachache wanaojibu kwamba walikuwa wanawaza kazi. Wengine wanasema: mtoto ana homa tangu juzi, feza ya shule haijapatikana, kapita alinitukana asubuhi, mwenye nyumba anataka feza yake. Mkono ulikuwa kwenye mashine, lakini moyo ulikuwa umevuka mto na kufika Alunguli.

Hilo si uzembe tu. Ni jinsi mwili ulivyoumbwa. Mtu akiogopa au akikasirika, moyo unapiga haraka, damu inasukumwa kwa nguvu, misuli inakaza. Nguvu hiyo tulipewa ili tumkimbie chui porini. Chui akienda zake, mwili unatulia. Lakini kuna chui asiyeondoka: deni, matusi ya kila siku, hofu ya kufukuzwa, mshahara usiojulikana utatoka lini. Chui huyo akikaa ndani ya mtu miezi sita, usingizi unapotea, tumbo linauma, presha ya damu inapanda, na mtu anawaka hasira kwa neno dogo. Kisha wengine wanatafuta dawa katika lutuku, na lutuku inaongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Usingizi peke yake unatosha kutuonyesha hatari. Wataalamu wamepima watu waliokaa macho kwa saa 17 mfululizo. Wameona kwamba mikono na akili zao zinachelewa kama za mtu aliyekunywa pombe. Basi fanya hesabu: mtu aliyeamka saa kumi na moja ya alfajiri na bado anashika mashine saa nne ya usiku, tumhesabu kama mlevi hata kama hakuonja tone. Vilevile yule aliyelima mchana kutwa kisha akaingia zamu ya usiku. Na yule aliyelala kitandani lakini macho hayakufunga kwa sababu ya mawazo, naye ni ndugu yao.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kila mwaka ulimwengu unapoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya huzuni kubwa na wasiwasi, na hasara yake ni kama dola bilioni 1,000. Hizo ni feza za makampani na za nchi. Machozi ya nyumbani hayakuhesabiwa humo.

TUSOME KATIKA HISTORIA YETU

Hatuna haja ya kwenda mbali. Tutazame kwanza jirani zetu wa Katanga, kisha turudi kwetu Maniema.

Kampani ya Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Katika miaka ile ya kwanza wanaume waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wengi wao bila wake zao, na wengine bila kupenda. Kambi zilikuwa mbaya. Magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliua watu wengi, na wengine walitoroka. Kampani ikajikuta inafundisha mtu kazi leo, na kesho mtu huyo ameondoka au amekufa. Kila mwaka ilianza upya, kama mtu anayechota maji kwa kikapu.

Kuanzia mwaka 1928 kampani iligeuza njia. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikawapokea wake na watoto, ikajenga nyumba za familia, ikatoa posho kwa mama na kwa mtoto, ikaongeza hospitali na mahali pa kuzalia. Vifo vilipungua. Watu walibaki, wakajifunza kazi za ufundi, na baba akamfundisha mwana. Je, kampani ilifanya hivyo kwa huruma? Hapana, ilifanya hesabu. Iliona kwamba mtu mwenye mke karibu, chakula na dawa anafanya kazi vizuri zaidi, na miaka mingi zaidi. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mkubwa anayesema kwamba furaha si biashara.

Lakini historia ileile ina somo la pili, wala tusiliruke. Wakati wa vita, katika mwezi wa Desemba 1941, bei zilikuwa zimepanda, kazi imeongezwa, na mshahara haukutosha. Wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza. Mjini Lubumbashi askari waliwapiga risasi, na watu wengi walikufa. Nyumba zilikuwepo, posho ilikuwepo, hata maziwa ya watoto yalikuwepo. Haki na sauti hazikuwepo. Kampani ilidhani inaweza kuchunga watu kama ng'ombe wanaopewa majani mazuri. Mtu si ng'ombe. Akishiba, bado anataka kusikilizwa.

Baadaye, mwaka 1967, serikali ilichukua machimbo yale, na miaka iliyofuata jina la Gécamines likajulikana. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mashine zilichakaa bila kutengenezwa, feza zikaenda mahali pengine, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa Septemba 1990, mji ukaporwa mwaka 1991. Mwaka 1993 shaba haikufika tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na baada yake, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa malipo ya kuagana. Sisemi kwamba mishahara ndiyo iliyoiangusha kampani ile. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini fundi mwenye miaka 20 ya kazi akiondoka na moyo uliovunjika, anaondoka na ujuzi ambao hauandikwi katika kitabu chochote. Mashine mpya inanunuliwa kwa feza. Fundi hanunuliwi hivyo.

Sasa turudi kwetu. Kampani ya Symétain ilianza mwaka 1932, na Kalima na Punia zikakua kwa kazi yake. Mwaka 1976 makampani ya bati na dhahabu ya Maniema na Kivu yaliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Mwezi wa Oktoba 1985 bei ya bati ulimwenguni ilianguka ghafula, na kampani haikupata nguvu tena mpaka ilipofika mwisho wake mwaka 1997. Wafanyakazi wengi wa zamani walidai malipo yao ya mwisho kwa miaka mingi.

Nimewasikiliza wazee wa Kalima waliokuja kutibiwa. Ukiwauliza juu ya siku zile, hawaanzi na mshahara. Wanaanza na mkubwa fulani aliyewajua watoto wao kwa majina, na hospitali, na mpira wa Jumapili, na ekipi yao. Na uchungu wao mkubwa hautokani na kuanguka kwa bei. Bei ni kama mvua, hakuna anayeiamuru. Uchungu wao ni kwamba hawakuambiwa mapema na wazi mambo yanaendaje. Mtu anayeambiwa ukweli mchungu anaweza kupanda mihogo yake kwa wakati. Anayefichwa, njaa inamkuta ameketi.

WACHIMBAJI WA MAKAA YA UINGEREZA

Mfano mwingine unatoka kwa watu wa kazi kama yetu, wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza. Zamani walifanya kazi wawili wawili au watatu watatu. Walichaguana wenyewe, wakaifanya kazi yote tangu mwanzo hata mwisho, na mmoja akiumia au akifa wenzake waliangalia familia yake. Kisha zilikuja mashine mpya. Kazi ikakatwa vipande: zamu hii inakata, zamu ile inapakia, nyingine inasogeza mitambo. Watu 40 au 50 walitawanyika mbali mbali katika giza. Kila zamu ililaumu ile iliyotangulia. Mashine zilikuwa bora, lakini makaa hayakuongezeka kama ilivyotumainiwa, na watu wengi walikosa kufika kazini.

Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth waliandika juu ya jambo hilo. Bamforth mwenyewe alikuwa amechimba makaa. Baadaye, katika jimbo la Durham, Trist na wenzake walilinganisha ekipi mbili zenye mashine za namna moja. Katika ya kwanza kila mtu alikuwa na kipande chake tu. Katika ya pili watu walijifunza kazi zote, wakapangana wenyewe, wakagawana malipo sawasawa. Matokeo yalichapwa mwaka 1963. Katika ekipi ya kwanza, kwa kila zamu 100, watu walikosa zamu 20. Katika ya pili walikosa 8. Siku zilizopotea kwa ajali zilikuwa chini ya nusu. Na makaa? Ekipi ya kwanza ilitoa sehemu 78 katika 100 za makaa yaliyowezekana kutolewa, ya pili ilitoa 95. Mashine zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokaa pamoja.

Sisi wa Kindu tunalielewa jambo hili bila kitabu. Tazama Wagenia wanavyovusha mtumbwi mkubwa Lualaba. Kila mpiga kasia angefuata hesabu yake mwenyewe, mtumbwi ungezunguka pale pale.

KIDONDA KILICHOFICHWA

Nataka kusema zaidi juu ya figa la tatu, sauti, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokufa.

Kabla sijafika hapa, nilifanya kazi mahali pengine ambapo sitapataja. Huko kila ekipi iliyomaliza miezi mitatu bila ajali ilipewa primi, feza nzuri ya kutosha kununua mfuko wa mchele na mafuta. Nia ilikuwa njema. Siku moja jiwe lilimponda kijana kidole. Zilibaki siku tano miezi itimie. Wenzake walimwomba anyamaze, naye akanyamaza kwa ajili ya watoto wao. Alifunga kidole kwa kitambaa akaendelea kufanya kazi. Alipoletwa kwangu kidole kilikuwa cheusi na mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikata kidole ili kuokoa mkono. Primi ilipatikana. Karatasi ya ajali ilikuwa nyeupe kabisa.

Karatasi nyeupe si usalama. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ule ukimya ulioficha kidole, siku nyingine utaficha ufa katika ukuta wa shimo, kamba iliyoanza kukatika, breki isiyoshika.

Mwaka 1987 kampani kubwa ya aluminiumu ya Marekani, Alcoa, ilipata mkubwa mpya, Paul O'Neill. Watu walitazamia azungumze juu ya faida. Yeye alisema jambo la kwanza litakuwa usalama wa wafanyakazi, na kila ajali iarifiwe juu upesi pamoja na njia ya kuizuia isirudi. Ili habari ipande upesi, wakubwa walilazimika kuwasikiliza watu wa chini. Na watu wa chini, walipoona wanasikilizwa, walileta pia mawazo ya kutengeneza kazi vizuri zaidi. Alipoondoka mwaka 2000, ajali zilikuwa zimepungua sana na faida ya mwaka ilikuwa kama mara tano ya ile aliyoikuta.

KWA WAKUBWA WA KAZI NA MAKAPITA

Kwa heshima yote, wakubwa wetu, dispensari inawaomba mambo haya:

1. Mshahara ufike siku yake. Kama utachelewa, semeni mapema, semeni kwa nini, na semeni siku gani utafika. Uvumi unaua usingizi kuliko habari mbaya.

2. Msimkemee mtu mbele ya ekipi yake. Mwiteni kando. Aliyetukanwa asubuhi anashika mashine mchana kwa mkono unaotetemeka.

3. Anayearifu hatari ashukuriwe, hata kama alikosea. Ukimcheka leo, kesho atanyamaza na hatari ya kweli.

4. Primi itolewe kwa hatari zilizoarifiwa na kutengenezwa, isitolewe kwa kunyamaza.

5. Kamati ifanye kazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka kila kampani iwe na kamati ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Angalieni neno hilo la mwisho. Sheria yenyewe inakubali kwamba mahali pa kazi panatakiwa kumpendeza anayefanya kazi humo. Choo safi, kivuli cha kulia chakula na maji ya kunywa ni vitu vidogo, lakini vinamwambia mtu kila siku kama anahesabiwa kuwa mtu.

KWA WAFANYAKAZI

Ndugu zangu, furaha hailetwi na wakubwa peke yao. Kapita mkali anaweza kuwa mmoja, lakini masengenyo ya ekipi yana midomo kumi. Mpokee vizuri mfanyakazi mpya, mwonyeshe hatari za mahali pale, usimwache ajifunze kwa kuumia. Mwenzako akiwa kimya kuliko desturi yake, mwulize habari za nyumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Deni la riba kubwa linakula mshahara kabla haujafika; heri kikundi cha kuwekeana feza na watu mnaoaminiana. Na ukiona wiki mbili zimepita hulali, huna hamu ya chakula, huna hamu ya watu, au unawaza kwamba heri kufa, njoo dispensari. Huo ni ugonjwa kama malaria, una matibabu, si aibu ya mwanaume wala si uchawi. Unayotuambia hayatoki nje ya mlango wetu.

KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, nawe uko katika usalama wa mgodi ingawa hujawahi kushuka humo. Baba anayetoka zamu ya usiku alale: watoto wacheze mbali, dirisha lifunikwe kitambaa. Ugomvi wa feza usianzishwe wakati anafunga viatu vya kazi. Ungoje jioni, mkae wote wawili na mhesabu pamoja. Baba naye akumbuke kwamba matusi aliyopewa kazini hayapelekwi nyumbani kumpa mke na watoto. Na mama akiona mumewe amebadilika, asingoje ajali. Aje atuone, hata peke yake.

KUMBUKENI

Hasira huficha hatari machoni.
Aliyelala vizuri anashika vizuri.
Kidonda kidogo kilichoonyeshwa ni bora kuliko kikubwa kilichofichwa.
Mshahara, heshima na sauti: mafiga matatu, chungu kimoja.

Msaidizi wa daktari,
Dispensari ya kampani, Kindu